Panga safari ya ngoma kuanzia gari la kurudi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, naishi Tabata, na siku yangu ya kupumzika ni Jumapili. Nina watoto wawili, wa miaka 10 na 7, wanaopenda ngoma kuliko katuni. Mwaka jana tulikwenda Bagamoyo mara mbili kwa daladala. Mara ya kwanza tulikuta kimya, hakuna onyesho lolote. Mara ya pili ilikuwa wakati wa tamasha. Tulingoja tangu mchana, na ngoma ilipoanza kukolea ikabidi tukimbilie gari. Yule mdogo alilia njia nzima. Sina usafiri wangu na sina pesa ya kulala gesti. Nifanyeje twende, tuone, turudi siku hiyohiyo? Na mwezi wa Juni nitakuwa kwa dada yangu Mwanza, huko kuna nini cha kuwaonyesha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto simlaumu hata kidogo. Kumtoa mtu kwenye ngoma inapokolea ni kama kumwondolea tonge mdomoni. Nimefundisha ngoma zaidi ya miaka 20, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa nyumba zisizo na gari, kwa hiyo safari zetu zote zimekuwa za daladala, bajaji na miguu. Kosa ulilofanya nimelifanya mimi kabla yako, tena nikiwa na watoto 14 wa watu. Ulipanga safari kuanzia asubuhi. Uliuliza gari la kwenda, ukawahi, ukafika, halafu ukaiachia bahati sehemu iliyobaki. Asiye na gari lake hupanga kuanzia usiku akirudi nyuma.

Tufanye hesabu hiyo pamoja kwa Jumapili yako. Watoto wana shule Jumatatu, kwa hiyo tuseme lazima muwe nyumbani saa 2 usiku. Kutoka stendi ya Makumbusho, yanakoishia magari ya Bagamoyo, hadi Tabata, pamoja na kungoja gari, weka saa nzima. Maana yake saa 1 jioni muwe mmeshuka Makumbusho. Kutoka Bagamoyo hadi Makumbusho ni kilomita 65 hivi, umbali ambao asubuhi tulivu hauchukui hata saa mbili. Lakini Jumapili jioni barabara ile ina watu waliotoka ufukweni, waliotoka harusini na waliokwenda kuangalia viwanja vyao, na kuanzia Bunju kupita Tegeta hadi Mwenge magari husota. Weka saa mbili na nusu. Basi gari liwe linaondoka stendi ya Bagamoyo saa 10 na nusu alasiri. Na gari haliondoki mpaka lijae, kwa hiyo saa 10 kamili muwe mmeshakaa kwenye viti. Toa dakika 15 za bajaji kutoka TaSUBa, chuo cha sanaa chenye tamasha hilo, hadi stendi. Mnaondoka uwanjani saa 10 kasorobo.

Sasa upande wa asubuhi. Mkitoka Tabata saa 1, mnaweza kuwa Makumbusho saa 2 na Bagamoyo saa 4. Kumbe nafasi yenu yote ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 kasorobo alasiri, haizidi hapo. Swali lako halikuwa kwamba Bagamoyo kuna ngoma au hakuna. Lilikuwa: ni ngoma gani inayochezwa ndani ya nafasi hiyo? Mara ya pili ulikaa kungoja onyesho la jukwaa kubwa, nalo ni la usiku. Hata ungeng'ang'ania vipi lisingekuwa lako siku ile.

Liandike hilo kwenye karatasi, ubandike karibu na cherehani. Kila utakaposikia tangazo la ngoma, kabla ya kuuliza nauli, angalia kama saa za ngoma zinaingia kwenye nafasi yenu. Zisipoingia, acha. Usijaribu kuzibana. Ni bora kuona vikundi viwili vya mchana hadi mwisho kuliko kuona robo ya kikundi maarufu kwa jicho moja huku jingine likiangalia saa.

Kuhusu tamasha lenyewe, siku zake zina sura mbili. Mchana kuna warsha, vikundi vichanga, watoto wa shule na wasanii wanaojaribu kazi mpya. Usiku ndipo yanapokuja majina makubwa na taa. Watu wengi huudharau mchana, nami nadhani wanakosea, hasa wenye watoto. Mchana mtoto hukaa karibu kabisa na mpigaji, huona mkono unavyokunjwa kwa mlio mzito na unavyonyooshwa kwa mlio mkali, na mara nyingi warshani huachiwa ngoma aipige mwenyewe. Usiku angekuwa nyuma ya migongo ya watu wazima. Omba ratiba ya siku nzima, si bango tu. Bango hutangaza wakubwa, ratiba ndiyo inayokwambia saa 5 asubuhi yuko nani.

Na ile mara ya kwanza mliyokuta kimya ina sababu yake. Bagamoyo si mahali pa burudani ya kila Jumapili. Pale mlipokwenda ni chuo. Kilianzishwa mwaka 1981, tamasha lake likaanza 1982, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani hiyo TaSUBa. Kwa kuwa ni chuo, ngoma zake huishi siku za masomo: mazoezi, mitihani ya vitendo, maonyesho ya kuhitimu. Jumapili isiyo na tangazo walimu wako makwao na ngoma ziko stoo. Kama kuna njia ya kubadilishana siku na fundi mwenzako hata mara mbili kwa mwaka, badilisha. Piga simu chuoni uulize wanafunzi wanaonyesha lini kazi zao. Wakati wa likizo za watoto, siku ya kazi pale itakupa ngoma nyingi kuliko Jumapili kumi.

Nakwambia ujitahidi hivyo kwa sababu pale pana kitu ambacho huwezi kukipata kirahisi kwingine. Walimu wa ngoma waliletwa kutoka pande zote za nchi na kila mmoja akaja na za kwao. Ndiyo maana unaweza kukaa kwenye mchanga wa pwani ya Wazaramo na Wakwere ukasikia zeze na ilimba, ala za Wagogo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeusikilizisha muziki wa kwao kwa dunia nzima, alifundisha pale na alifariki Bagamoyo mwaka 2003, na ukoo wake umeendelea kupiga na kucheza katika mji huohuo. Pale utaona sindimba ya Wamakonde na bugobogobo ya Wasukuma zikifuatana kwenye jukwaa moja, na mtoto akaona kwa macho yake kwamba kiuno cha kusini na jembe la kanda ya ziwa ni lugha mbili tofauti.

Turudi kwenye simu. Ukipiga, usiulize "kuna ngoma?", maana jibu litakuwa "ipo" hata kama ni ya mwezi ujao. Uliza mambo matatu. Kwanza, siku hiyo anacheza nani hasa, kikundi gani. Pili, wanaanza saa ngapi na wanamaliza saa ngapi. Tatu, kama mvua ikinyesha wanahamia wapi. Swali la tatu ni muhimu kuanzia Machi hadi Mei, masika inapopiga pwani, maana onyesho la uwanjani likinyeshewa huahirishwa tu. Ukiweza, zungumza na mtu wa kikundi chenyewe badala ya mtu wa ofisini. Mpigaji anajua saa ya kweli. Kisha piga tena asubuhi ya safari, kabla hamjatoka Tabata.

Mkishafika, kuna alama moja ya kuaminika kuliko saa iliyoandikwa. Ngoma za ngozi hupashwa moto kabla ya kupigwa ili ngozi ikaze. Ukiona moto umekokwa na ngoma zimeuzunguka, jua hazitapita dakika nyingi mtaanza kusikia. Ukikuta saa iliyotangazwa imefika na hakuna hata kijiti kilichowashwa, wapeleke watoto wakale samaki, wanyooshe miguu ufukweni, mrudi. Mwaka jana mlikaa juani tangu mchana mkilinda nafasi ambayo hakuna aliyeigombania, na watoto wakachoka kabla ya ngoma. Ukiwa Bagamoyo hakuna haja ya kungojea kwa kukaa. Magofu ya Kaole yako kilomita chache kusini mwa mji, na Mji Mkongwe unatembeleka kwa miguu. Lakini chagua kimoja tu. Ukitaka ngoma, magofu na Mji Mkongwe kwa siku moja, utarudi na watoto waliochoka ambao hawakumbuki chochote.

Sasa jambo ambalo ningetamani ungeambiwa mapema. Gari la Bagamoyo unalipandia stendi ya Makumbusho. Unajua jina hilo limetoka wapi? Hatua chache tu kutoka stendi ndipo kilipo Kijiji cha Makumbusho, kilicho chini ya Makumbusho ya Taifa, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na kwa miaka mingi vikundi vya ngoma vimekuwa vikicheza pale alasiri. Ina maana ukipiga simu asubuhi ukaambiwa Bagamoyo onyesho limeahirishwa, watoto wamekwisha kuvaa na maandazi yamekwisha kufungwa, huna haja ya kuvunja safari. Pandeni gari lilelile la Makumbusho, mshuke palepale, muingie kijijini. Uliza nako kwa simu ni siku zipi wanacheza. Hesabu ya kurudi kutoka pale ni gari moja tu la Tabata, kwa hiyo mnaweza kukaa hadi ngoma iishe na bado mkawa nyumbani kabla ya saa 2. Kwa kweli ningekushauri safari yenu ijayo iwe hii. Watoto wajifunze kukaa onyesho zima, kuanzia wimbo wa kuingilia hadi wa kuagia, kabla ya kurudi Bagamoyo. Vikundi vingi nilivyofanya navyo kazi huanza na ngoma tulivu na kuweka zile za kutimua vumbi mwishoni, kwa hiyo anayeondoka mapema kila mara hupoteza kilicho kizito.

Kuhusu barabara nina machache. Pandia stendi, kwenda na kurudi, hata kama kusimama njiani kunaonekana rahisi. Jumapili jioni magari yanayotoka Bagamoyo yakiwa yamejaa hayasimami, na linalosimama huenda likawa linakatisha ruti. Siku ile ya watoto 14, konda alituambia tunakwenda Makumbusho, kufika Bunju akatushusha wote kwamba gari linageuza. Ilikuwa saa 2 usiku. Tulipata gari jingine, lakini tuligawanyika makundi matatu, na sitasahau nilivyokuwa nahesabu vichwa. Tangu siku hiyo silipi nauli nzima kabla ya kumuuliza konda mbele ya abiria wengine gari linaishia wapi, na simalizi kulipa mpaka tumepita Tegeta. Nauli halali hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Siku za tamasha wapo wanaoongeza ya kwao, na una haki ya kukataa.

Kaeni upande wa kushoto, ulio na mlango, kwenda na kurudi. Asubuhi mnapoelekea kaskazini jua liko kulia, na alasiri mnaporudi liko kulia tena. Ukiwa na mtoto wa miaka 7 kwenye kiti cha dirishani kwa saa mbili, utaona tofauti. Chukua kanga mbili: moja ya kukalia mchangani, nyingine ya kumfunika aliyelala wakati wa kurudi. Maji, maandazi, na chakula kikavu kisichomwagika. Waende haja stendi kabla ya kupanda, wasipotaka pia. Kutoka stendi ya Bagamoyo hadi chuoni chukueni bajaji, msipande watatu kwenye bodaboda. Na mpatane na dereva huyohuyo awafuate saa 10 kasorobo, uchukue namba yake. Atakapopiga simu kukuambia yuko getini, watoto wataamini kwamba muda umefika kweli, hawatadhani mama ndiye anayewakatizia.

Pesa ya chenji ni jambo la ngoma kama ilivyo jambo la daladala. Mcheza kwao hutunzwa, na mtoto akijua kutunza anakuwa sehemu ya onyesho. Vunja noti nyumbani, kila mtoto awe na elfu moja moja mbili za kwake. Wafundishe kusubiri mchezaji amalize kipande chake, waingie kwa mdundo, waweke noti mkononi au kwenye chombo kilichowekwa, watoke bila kukatisha mbele ya wapigaji. Mwanafunzi wangu mmoja alitunza mzee aliyekuwa akipiga msondo, na yule mzee akamjibu kwa mapigo kama anamwita jina. Mtoto yule leo ni mpigaji.

Watu watakutajia sehemu nyingine, nami nitakwambia wazi ni zipi si za siku moja. Makunduchi, Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, ambapo wanaume hupigana kwa migomba, wanawake huimba na kibanda cha makuti huchomwa moto: ni jambo la kuonwa, lakini mtu wa Dar hawezi kulipanga na kurudi siku hiyohiyo. Boti inachukua karibu saa mbili, kisha gari namba 310 kutoka mjini hadi kusini mwa kisiwa, na boti ya mwisho ya kurudi Dar haimngoji mtu. Hiyo ni ya mwenye ndugu wa kumlaza Unguja. Vilevile tamasha la muziki wa Wagogo kule Chamwino, lililoanza mwaka 2009. Treni ya SGR inayofika Dodoma tangu 2024 imeifanya njia kuwa fupi, lakini ukitoka stesheni bado kuna safari ya kwenda Chamwino, na muheme, ngoma zile ambazo kina mama hupiga wamezibana mapajani, hazistahili kuonwa kwa haraka. Weka akiba, siku moja uende ulale.

Mwanza ni habari nyingine kabisa, nami nimefurahi ulivyosema Juni. Muulize dada yako kuhusu Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma inayofanyika Bujora karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo huangukia siku 60 baada ya Pasaka. Kwa hiyo angalia tarehe ya Pasaka kwanza, ndipo ukate tiketi ya basi la Mwanza. Bujora iko Kisesa, kwenye barabara ya kwenda Musoma, chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Daladala za Kisesa ni nyingi, kwa hiyo ile hesabu ya gari la mwisho iliyokutesa Bagamoyo huko inalegea sana. Mkishuka Kisesa, ni mwendo mfupi wa miguu kupandia Bujora, au bodaboda kwa aliyechoka. Nendeni asubuhi mkaone kwanza makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement. Lipo jengo lililowekwa kwa ajili ya vyama vya ngoma, na mkilipitia kabla ya uwanjani, watoto watajua wanaangalia nini.

Maana watakachokiona uwanjani ni mashindano ya Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vyenye ushindani tangu karne ya 19, walipogombana waganga wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ya kuvuta watu ina nguvu zaidi. Hakuna anayengoja zamu. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila upande na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo, na mshindi ni yule aliyekusanya watazamaji wengi. Ndiyo maana utaona majembe yanarushwa hewani na kudakwa, utaona nyoka mkubwa shingoni mwa mchezaji, na kila aina ya mbinu ya kukufanya uhame kutoka upande ule uje upande huu. Hatua zako wewe mtazamaji ndizo kura. Uwashike watoto mkono, kwa sababu umati huo unahama kwa kukimbia. Halafu waachie wao waamue mwende upande gani.